DOHANI YA MATOFALI: IKAGUE DARINI KABLA YA KUWASHA MOTO

Miezi ya baridi iwadiapo katika nyanda za juu za Kenya, yaani tangu Juni hata Agosti, nyumba nyingi za zamani huanza tena kutoa moshi. Meko ambayo mwaka mzima yalikuwa mahali pa kuwekea viatu na magazeti husafishwa, kuni huletwa ndani, na watu wa nyumbani huketi kuota moto. Huko Limuru, Molo na Timboroa jambo hili si la anasa. Timboroa iko kiasi cha futi 9,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya alfajiri yajulikana na kila aliyewahi kulala huko.

Nyingi katika nyumba hizo zilijengwa na walowezi wa Kizungu, baada ya reli kufika Nairobi mwaka 1899 na kabla ya Uhuru wa mwaka 1963. Mashamba yalipoanza kugawanywa katika mpango mkubwa wa makazi wa mwaka 1962, na mengine yaliponunuliwa na watu binafsi na vyama vya ushirika, nyumba nazo zilipata wenyewe wapya. Wengi wao walipokea mahali pa kuwashia moto na dohani ya matofali, ambayo wengine huiita chimni, bila kuelezwa na mtu yeyote namna ya kuitunza. Mlowezi alikwenda zake pamoja na ujuzi huo. Sasa dohani hizo zina umri wa miaka 60, 80, hata 100, na wajukuu wa wale wanunuzi wangali wanalala chini yake.

Shabaha ya makala haya ni kumweleza mwenye nyumba ya namna hiyo jinsi ya kuikagua dohani yake mahali asipopanda kamwe, yaani darini. Huko ndiko dohani husema kweli yake yote.

KWA NINI DARINI?

Sebuleni dohani imefunikwa kwa plasta na rangi, na kila ufa ukitokea huzibwa na kupakwa rangi upya. Juu ya paa iko mbali na macho, na mara nyingi imepakwa saruji. Lakini darini, katika nafasi iliyo kati ya mbao za dari na paa, hakuna mtu aliyejishughulisha kuipamba. Matofali yapo wazi kama mwashi alivyoyaacha, na kila ugonjwa wa dohani huonekana.

Tena darini ndipo adui watatu wa nyumba wanapokutana: joto la moshi, mbao zilizokauka kwa miaka mingi, na maji ya mvua yanayopenya pale dohani inapotoboa paa. Moto ukianzia sebuleni, watu huuona upesi. Ukianzia darini, hufanya kazi yake pasipo shahidi. Huenda watu waliolala wasijue neno lolote mpaka paa limekwisha kushika.

JINSI DOHANI INAVYOZEEKA

Hewa yenye joto ni nyepesi kuliko hewa baridi. Kwa hiyo moto uwakapo, hewa ya moto hupanda ndani ya dohani, na hewa nyingine huvutwa kutoka chumbani kuchukua mahali pake. Hiyo ndiyo nguvu inayoondoa moshi. Lakini moshi wa kuni hauchukui masizi tu; ndani yake mna mvuke wa maji, asidi, na mafuta meusi yafananayo na lami. Ufikapo darini, ambako matofali ni baridi, moshi hupoa, na mvuke ule hugeuka kuwa maji machafu yanayotambaa juu ya matofali kwa ndani. Asidi iliyo katika maji hayo hula chokaa inayoshika matofali. Ndiyo maana dohani huweza kuwa nzima sebuleni, na huku imeoza darini.

Waashi wa kale wa Uingereza walilijua jambo hili. Walipaka ndani ya dohani mchanganyiko wa chokaa na mavi ya ng'ombe ili kuilinda njia ya moshi. Msomaji ambaye bibi yake alikandika nyumba kwa samadi atafahamu mara moja sababu yake: mchanganyiko huo hushika vizuri wala haupasuki upesi. Lakini baada ya miaka mingi ya moto hubanduka na kuanguka. Huko Uingereza kwenyewe ilikuwa mpaka kanuni za ujenzi za mwaka 1965 ndipo ilipoamriwa kwamba kila dohani mpya ya nyumba iwekwe bomba la ndani, kama lile la udongo wa kuchoma. Basi ikiwa nyumba yako ilijengwa kabla ya mwaka huo kwa kufuata desturi za Kiingereza, yaelekea kwamba kati ya moto na mbao za dari yako pana unene wa tofali moja tu, yaani nchi 4 na nusu.

Kwa watu wa Nakuru, Subukia na Laikipia liko jambo jingine la kukumbuka. Tarehe 6 Januari mwaka 1928 lilitokea katika Bonde la Subukia tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa karibu 6.9, lililo kubwa kuliko yote yaliyopata kupimwa katika Kenya. Dohani ni nzito na nyembamba, na huwa ya kwanza kupasuka ardhi inapotikisika. Nyumba ya sehemu hizo iliyojengwa kabla ya mwaka 1928 yafaa kuangaliwa kwa uangalifu zaidi, hata kama ukuta wake wa nje waonekana mzuri.

KABLA YA KUPANDA

Usipande dohani ikiwa ina joto. Acha siku nzima ipite bila moto. Usiende peke yako. Mwenzako na ashike ngazi. Zima umeme kwenye swichi kuu, kwa maana nyaya za zamani mara nyingi zimeguguniwa na panya. Chukua tochi, wala usitumie mshumaa au taa ya mafuta. Darini kanyaga juu ya boriti tu, au tandika ubao mpana juu ya boriti mbili. Mbao za dari hazikuwekwa zibebe mtu. Ukiona mabamba ya asbesto, usiyavunje wala kuyakwaruza, maana vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Chunguza pia nyuki, popo na nyoka, ambao hupenda sana mahali penye vuguvugu.

Vaa nguo za mikono mirefu, na ufunike pua na kinywa. Masizi si uchafu wa kuchezea. Mwaka 1775 daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika juu ya saratani ya korodani iliyowapata wasafishaji wa dohani, ambao walitumwa tangu utotoni kupanda ndani ya njia za moshi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa wa saratani kuonyeshwa kwamba watokana na kazi ya mtu. Hata hivyo watoto waliendelea kupandishwa ndani ya dohani za Uingereza mpaka sheria ya mwaka 1875 ilipokomesha desturi hiyo. Basi ukitoka darini, oga kwa sabuni na ufue nguo zako.

MAMBO SITA YA KUTAZAMA

Kwanza, maji. Mulika mahali dohani inapotoboa paa. Pale pana bamba la risasi au bati lililokunjwa ili kuzuia mvua isipenye kiunganoni. Likipasuka au kuliwa na kutu, maji huteremka juu ya matofali. Tafuta michirizi ya kahawia, ukungu, na chumvi nyeupe iliyotoka juu ya tofali kama unga. Gusa mbao zilizo karibu: ukiweza kuingiza ncha ya kisu kwa urahisi, mbao imeoza.

Pili, chokaa iliyo kati ya matofali. Ikune kwa msumari. Chokaa nzima hukataa. Iliyokufa humwagika kama mchanga. Nyumba nyingine zilijengwa kwa udongo mtupu mahali pa chokaa, na udongo ukikauka sana hutoka wenyewe. Tazama sakafuni pa dari pande zote za dohani: ukiona kilima kidogo cha mchanga, jua dohani inajimwaga kidogo kidogo. Hapa methali ya wazee ni kweli tupu: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu, kusimama kwake. Shusha timazi kando ya kila upande. Salfa iliyo katika moshi huungana na maji, kisha huingia katika saruji au chokaa na kuifanya ivimbe. Upande unaolowa zaidi huvimba kuliko upande mkavu, na dohani hupinda polepole. Ukiona imepinda, andika kipimo chake pamoja na tarehe kwa penseli juu ya ubao ulio karibu. Mkaguzi atakayekuja atataka kujua kama imeendelea kupinda.

Nne, mbao zilizoigusa. Hili ndilo jambo ambalo wengi hawalijui. Mbao iliyo karibu na joto kwa miaka mingi hubadilika polepole kuwa kama makaa, na mwisho huweza kushika moto kwa joto dogo kuliko lile la kuwasha mbao mpya. Ndiyo sababu boriti iliyokaa miaka 50 bila neno huwaka mwaka wa 51. Kanuni zinazofuatwa Marekani zinataka nafasi ya nchi 2 kati ya mbao na dohani ya matofali iliyo ndani ya nyumba. Pima nafasi ya kwako. Ukikuta boriti au kenchi imeingizwa ndani ya matofali yenyewe, au imegeuka rangi kuwa nyeusi, moto usiwashwe tena mpaka fundi aione. Vilevile ondoa magunia, karatasi, mabua na viota vya ndege vilivyorundikana hapo.

Tano, alama za moshi. Masizi yakae ndani ya dohani. Nje hayana kazi. Doa jeusi juu ya tofali, au mstari mweusi ufuatao kiungo cha chokaa, ni njia ya moshi. Na panapopita moshi hupita pia gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi ya oksijeni, na mtu aliyelala huweza kufa asijue ameguswa na nini. Mtu anayeamka kila siku na maumivu ya kichwa katika nyumba yenye moto wa usiku, asidhani upesi kwamba ni malaria.

Sita, dohani inayoning'inia. Wapo watu waliovunja meko sebuleni ili kupanua chumba, wakaacha sehemu ya juu ibaki darini kwa kuwa haikuwasumbua. Hebu tupige hesabu. Dohani ya njia moja, yenye nchi 18 kila upande na tundu la nchi 9 ndani, huwa na uzito wa karibu kilo 90 kwa kila futi moja ya kwenda juu. Ikiwa tangu darini hata kileleni ni futi 10, uzito wake wakaribia tani moja. Ni sawa na kumfunga fahali mkubwa wa Friesian juu ya dari ya chumba cha kulala. Ukikuta dohani yako haina kitu chini yake ila vipande vya mbao, hamisha vitanda siku hiyo hiyo, kisha umwite mhandisi.

JARIBIO LA MOSHI

Ikiwa mambo hayo sita hayakuonyesha hatari, fanya jaribio dogo. Fungua madirisha yote. Mtu mmoja awashe mekoni karatasi chache, kisha aweke juu yake majani mabichi kidogo ili moshi mzito utoke. Mwingine awe darini na tochi, karibu na mlango wa kushukia. Nuru ya tochi itamwonyesha moshi hata ukiwa mwembamba kama uzi. Akiuona, atie alama ya chaki mahali unapotoka na kushuka mara moja. Jaribio lisizidi dakika chache. Moshi ukirudi sebuleni badala ya kupanda, njia imezibwa, pengine na kiota, nyuki au matofali yaliyoanguka ndani. Zima moto huo, wala usijaribu kuizibua njia kwa kuwasha moto mkubwa zaidi.

MASIZI NA KUNI

Ndani ya dohani masizi hukaa kwa namna tatu. Yaliyo kama vumbi husafishwa kwa brashi. Yaliyo kama magamba hutaka nguvu zaidi. Yaliyo magumu na kung'aa kama lami ndiyo ya hatari kubwa, kwa maana yenyewe ni kuni. Yakishika moto, dohani hunguruma kama gari-moshi lipandalo mlima, na joto ndani yake huweza kupita digrii 1,000 za Selsiasi. Matofali yaliyopasuka hayawezi kuuzuia moto wa namna hiyo usiingie darini. Likitokea hilo, toa watu wote nje kwanza, kisha ita wazima-moto. Usimwage maji ndani ya dohani yenye moto, kwani mvuke huweza kuunguza watu na ubaridi wa ghafula huyapasua matofali.

Masizi hayo mabaya huletwa hasa na kuni mbichi na moto unaofukafuka usiku kucha. Mkulima aliye na miti ya mkaratusi au mwati na aikate, aipasue, aiweke mahali penye paa na upepo, na kuiacha karibu mwaka mzima. Kuni iliyo tayari ina maji yasiyozidi asilimia 20. Huwa nyepesi, ina nyufa mwishoni, na ukigonga viwili pamoja hulia kwa sauti kavu. Dohani na isafishwe angalau mara moja kwa mwaka.

KUTENGENEZA AU KUFUNGA

Ukaguzi ukionyesha kasoro, usikimbilie mfuko wa saruji. Saruji ni ngumu kuliko tofali la zamani, na haipitishi unyevu kwa urahisi kama chokaa. Maji yakinaswa nyuma yake hutafuta njia ya kutokea katika tofali lenyewe, na tofali huanza kumeng'enyeka. Dohani iliyojengwa kwa chokaa itengenezwe kwa chokaa: kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga safi, baada ya kung'oa ile iliyokufa. Njia ya moshi iliyooza ndani huweza kuwekwa bomba la chuma kisichoshika kutu, lakini kazi hiyo ni ya fundi anayeijua, na mbao zilizo karibu ni lazima zisogezwe kwanza.

Juu ya paa, kanuni moja hufuatwa na mafundi wengi: kilele cha dohani kiwe futi 3 au zaidi juu ya mahali inapotokea, tena futi 2 juu ya sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya futi 10. Ikiwa fupi kuliko hivyo, upepo hurudisha moshi ndani. Weka kofia yenye wavu ili kuzuia mvua na ndege.

Na ikiwa huna haja ya moto tena, hakuna aibu kuifunga dohani. Lakini isizibwe kabisa juu na chini. Acha tundu dogo la hewa mekoni na jingine kileleni lililokingwa mvua, ili unyevu upate kutoka. Ukitaka kuibomoa, anzia juu na kushuka chini, usianzie sebuleni kamwe, na upate kwanza shauri la mhandisi na idhini ya serikali ya kaunti yako.

Wakati mzuri wa ukaguzi ni mwezi wa Mei. Mvua za masika bado zanyesha, kwa hiyo maji yapenyayo paa huonekana yakiwa bado yanatiririka. Na baridi ya Juni haijafika, kwa hiyo fundi anayo nafasi ya kufanya kazi yake na chokaa nafasi ya kukauka. Nunua daftari la bei ndogo, andika tarehe, ulichokiona na kilichotengenezwa, kisha uliweke pamoja na hati ya shamba. Wale waliokuachia nyumba hawakukuachia habari kama hizo. Watakaoipokea kutoka kwako wapate zaidi ya ulivyopata wewe.